Mkono mwepesi: mwongozo wa tiba ya kraniosakrali kwa msomaji wa Songea

Huenda jina hili umelisikia kwa ndugu anayeishi Dar es Salaam, au kwa shangazi aliyerudi kutoka Ujerumani, au limekufikia kwenye simu pamoja na picha ya mtu aliyelala chali, amefumba macho, na mikono ya mtu mwingine imekishika kichwa chake. Tiba ya kraniosakrali. Wanaoitoa wanasema inapunguza maumivu ya kichwa, shingo na mgongo, inaleta usingizi na kutuliza watoto wanaolia usiku. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakataja magonjwa ambayo hakuna mkono wa mtu unaoweza kuyaponya.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu Songea ni mji wa watu waliochoka migongo, na mtu aliyeumwa kwa muda mrefu hununua matumaini kwa bei yoyote. Nataka ujue unachouziwa. Nataka pia ujue kwamba sehemu iliyo bora ya tiba hii unaweza kuipata nyumbani, kwa mikono ya mtu anayekupenda, bila kutoa hata shilingi.

Tuanze na namna inavyofanyika. Huvui nguo. Unavua viatu, mkanda na miwani, unatoa simu mfukoni, unalala chali kwenye kitanda chembamba. Mtoa tiba anaanzia miguuni. Anashika visigino vyako kwa viganja na kutulia hapo dakika mbili tatu. Anahamia nyongani, anaingiza kiganja chini ya ule mfupa mpana wa pembetatu ulio juu kidogo ya kifandugu, unaoitwa sakramu. Kisha anakwenda kifuani, halafu shingoni. Anamalizia kichwani, na hapo ndipo anapokaa muda mrefu kuliko kwingine. Hapaki mafuta, habonyezi, wala havuti kiungo mpaka kilie. Wanaojifunza kazi hii hufundishwa kutumia nguvu isiyozidi gramu 5 hivi, uzito wa kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kikao huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na wengi husinzia kabla hakijaisha.

Kwa mtu aliyezoea mkandaji wa kwetu, yule anayepaka dawa ya kuchua na kuzamisha vidole gumba kwenye msuli mpaka unauma meno, hii itaonekana kama hakuna kinachofanyika. Usiidharau kwa sababu hiyo, na usiamini kila kinachosemwa juu yake.

Aliyeianzisha ni Mmarekani, William Garner Sutherland, aliyezaliwa mwaka 1873 na kuhitimu mwaka 1900 katika chuo cha osteopathia, yaani tiba ya kushika na kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono, cha Kirksville, jimbo la Missouri. Akiwa bado mwanafunzi alilitazama fuvu lililotenganishwa vipande, akaona kingo za mfupa wa ubavuni mwa kichwa zimekaa kimshazari. Akawaza kwamba hazikuumbwa hivyo bure, lazima mifupa hiyo inacheza. Alitengeneza vifaa vya kukibana kichwa chake mwenyewe ili aone kitakachotokea, na mwaka 1939 akachapisha kitabu kidogo juu ya wazo lake. Kwa miaka mingi tiba hiyo ilibaki mikononi mwa madaktari wa osteopathia tu. Aliyeitoa nje ni John Upledger, naye daktari wa osteopathia, aliyefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Michigan State kuanzia mwaka 1975 hadi 1983. Mwaka 1985 alifungua taasisi yake Florida na kuanza kufundisha yeyote aliyetaka kujifunza: wakandaji, wauguzi, hata mtu asiyewahi kusoma chochote cha afya. Ndiyo maana leo watu wawili wanaweza kujiita kwa jina lile lile, mmoja akiwa daktari aliyesoma miaka mingi na mwingine akiwa amehudhuria kozi ya siku chache. Kumbuka jambo hili utakapofika mahali pa kuuliza maswali.

Maelezo yao ni kwamba maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo hujaa na kupungua kwa mapigo ya polepole, mara 6 hadi 12 kwa dakika. Mapigo hayo, wanasema, huisogeza mifupa ya fuvu na kushuka mpaka kwenye sakramu kwa kupitia utando mgumu unaofunika ubongo na uti. Pakikwama mahali, mtu anaumwa. Mkono uliofundishwa huyasikia mapigo na kukwamua palipokwama.

Hapa inabidi kuchambua, maana ukweli na dhana vimewekwa sahani moja. Maji hayo yapo. Mtu mzima ana kama mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku, kwa hiyo yote hubadilishwa zaidi ya mara tatu kila siku. Utando nao upo. Umeshikamana na tundu kubwa lililo chini ya fuvu, unateremka na mgongo mzima, na kifuko chake huishia usawa wa pingili ya pili ya sakramu. Maji husogea humo ndani kufuata mapigo ya moyo na pumzi, na mashine za kisasa za kupiga picha zinaonyesha hivyo. Lakini mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshonana kwa mishono imara, na gramu 5 zilizowekwa juu ya nywele na ngozi haziisogezi. Na yale mapigo yanayodaiwa kusikika mkononi yalishapimwa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1998, watoa tiba wawili waliwekwa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, huyu kichwani na yule miguuni, kila mmoja ahesabu anachokisikia. Hesabu zao hazikulingana. Tafiti nyingine za miaka hiyo zilitoa jibu lile lile.

Vipi kuhusu maumivu yenyewe? Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walikusanya majaribio 10 yenye watu 681 wenye maumivu sugu, wakaona kwamba waliopewa tiba hii walipata nafuu, na nafuu hiyo ilidumu mpaka miezi sita. Mwaka 2024 watafiti wa Hispania walipitia majaribio 15, wakasema hawaoni faida ya maana na hawaipendekezi. Wanasayansi hawajakubaliana. Mimi msimamo wangu ni huu: kisa cha mifupa inayocheza kiache kando, lakini usimwite mwongo mtu anayesema amelala vizuri na shingo imelegea baada ya kushikwa hivyo. Amepata nafuu kweli, isipokuwa sababu yake ni nyingine.

Chini ya ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi nyembamba za neva ambazo hazishughuliki na kubonyezwa kwa nguvu. Zenyewe huitikia mguso mwepesi unaotembea polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, mwendo ambao mama yeyote humpapasa nao mtoto bila kufundishwa. Wanasayansi wa Uswidi wamezichunguza kwa miongo kadhaa na kuonyesha kwamba ujumbe wake hufika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na utulivu. Juu ya hilo weka saa nzima ya kulala kimya, mbali na simu, mbali na wateja na madeni, pamoja na mtu aliyekusikiliza kabla hajakugusa. Moyo unapunguza kasi, taya linalegea, mabega yanashuka. Mtu anayebeba magunia ya mahindi kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Ruhuwiko, au dereva anayetoa makaa ya mawe Ngaka kuyapeleka Mtwara, mara ya mwisho kupewa saa kama hiyo ni lini?

Sasa fanya hivi nyumbani. Chagua jioni, baada ya kuoga na kabla ya chakula kizito. Tandika godoro au mkeka wenye blanketi sakafuni, maana kitanda cha futi tano na nusu kitamchosha mgongo anayetoa huduma. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Songea inapouma, mfunike mwenzako blanketi na upashe mikono yako moto kwanza, kwa sababu kiganja cha baridi hukaza msuli badala ya kuulegeza. Kata kucha. Vua pete na saa. Kunja kanga moja mara nne uiweke chini ya magoti yake, ili mgongo wa chini ulale sawasawa. Simu zote zikae chumba kingine, na watoto waelezwe kwamba baba au mama anapumzika.

Kaa miguuni pake, shika visigino vyote viwili kwa viganja vilivyofunguka. Usivute. Hesabu pumzi zake, ziwe kama 20, bila kumwambia unahesabu. Ukiona pumzi zimeanza kuwa ndefu, sogea. Weka kiganja kimoja chini ya mgongo wake, pale kwenye sakramu. Mwombe anyanyue nyonga kidogo mkono uingie, kisha ashushe uzito wote juu ya kiganja chako. Watu wengi hushtuka hapo, kwa sababu hawakujua walikuwa wamejikaza kiasi gani mpaka walipoombwa waache. Kaa tena pumzi 20 au zaidi. Mkono ukifa ganzi, utoe taratibu.

Kichwani ndipo penye kazi kubwa. Kaa kwa kutandaza miguu, mgongo umeegemea ukuta. Ingiza mikono yote miwili chini ya kichwa chake, vidole vikutane kwenye mstari ambapo fuvu linaishia na shingo inaanza. Hapo kuna misuli midogo inayokaza siku nzima kwa mtu anayeinamia cherehani pale Soko Kuu, kwa karani anayetazama kompyuta, kwa mwanamke aliyebeba kuni na ngata yake kichwani kutoka mbali. Usiisugue. Acha kichwa kiwe kizito mikononi mwako. Kwa dakika mbili za kwanza utagundua kwamba bado anakishikilia mwenyewe, anakusaidia bila kujua. Mwambie kwa sauti ya chini, "Niachie mimi." Subiri. Kichwa kikishaachiwa utakisikia kimezama mikononi, na mara nyingi tumbo lake litanguruma. Malizia kwa kupitisha viganja taratibu kutoka katikati ya paji la uso kwenda pembeni, mara kadhaa, kisha mwache alale dakika kumi kabla hajainuka. Ainuke kwa kugeuka ubavu kwanza, asikurupuke.

Ukimfanyia mzee wako, mwamkie na umwombe ruhusa kwanza kama unavyoomba jambo lolote kwake, na umweleze utamshika wapi. Kichwa cha mzazi si kitu cha kushikwa ovyo. Nimeona wazee waliokataa mara ya kwanza, kisha jioni ya pili wenyewe wakauliza, "Leo hamnishiki?" Mzee anayeishi peke yake, aliyefiwa na mwenzi wake, anaweza kukaa mwezi mzima asiguswe na mtu zaidi ya kupeana mikono. Kwake dakika 20 hizi zina thamani ambayo sina namna ya kuipima, na ningependa kila mjukuu wa Lizaboni, Mfaranyaki na Bombambili ajue kuzitoa.

Kuna mila yetu moja ambayo lazima niigusie hapa, kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Mama akishajifungua, bibi au shangazi huchovya kitambaa kwenye maji yanayofuka mvuke na kumkandamiza tumbo, kiuno na chini, kutoa kile kinachoitwa damu chafu. Upendo ulio ndani ya kazi ile ninauheshimu sana. Mama anahudumiwa, anaogeshwa, anapikiwa uji, hayuko peke yake. Lakini maji yale yamewaunguza wanawake, na kulikandamiza tumbo lenye mshono wa upasuaji ni hatari. Damu ya uzazi hutoka yenyewe, na mfuko wa uzazi hurudi wenyewe, hasa mtoto akinyonya. Bibi, ukitaka kumfanyia binti yako jambo jema, tumia maji ya uvuguvugu kumwogesha, kisha mshike visigino na kichwa kama nilivyoeleza. Akitokwa damu nyingi, akiwa na homa au uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe hospitali, asikandwe.

Na hapo ndipo tunafika kwenye mambo yanayoua. Mkono mwepesi kwa mtu mzima mwenye afya hauna madhara makubwa. Madhara yanakuja pale mtu anapokwenda kushikwa kichwa wakati alitakiwa awe kwa daktari. Aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa, akatapika, akasinzia kuliko kawaida au akapoteza fahamu hata kidogo, haguswi shingo wala kichwa na mkandaji yeyote. Huenda anavujia damu ndani ya fuvu. Mwenye homa, kichwa kinachopasuka na shingo iliyokakamaa asiyeweza kuinamisha kidevu kifuani, huenda ana homa ya uti wa mgongo, na saa chache zinaweza kuamua uhai wake. Kichwa kilichouma ghafla kwa nguvu ambazo hujawahi kuzisikia, mdomo ulioenda upande, mkono uliolegea, maneno yanayogongana: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, apimwe presha siku hiyo hiyo, maana kifafa cha mimba huanza hivyo. Mwenye maumivu ya mgongo yaliyoandamana na miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo, na aliyekonda huku mgongo ukimuuma usiku, huyo naye asikandwe. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, na kina dawa.

Watoto nimewatengea sehemu yao, kwa sababu ndio wanaopelekwa sana kwenye tiba hii na ndio wasioweza kusema basi.

Fuvu la mtoto mchanga kweli halijafunga. Utosi wa nyuma hufunga ndani ya miezi miwili mitatu ya kwanza, na ule wa mbele huchukua mpaka mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Kwa sababu hiyo baadhi ya watoa tiba husema kichwa cha mtoto ndicho kinachofaa kunyooshwa. Mimi nasema kwa sababu hiyo hiyo ndicho cha kukaa nacho mbali. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi waliripoti katika jarida lao kifo cha mtoto wa miezi mitatu, aliyekufa baada ya kukunjwa shingo na mgongo na mtu aliyejiita mtoa tiba wa kraniosakrali. Mpapase mtoto wako, mkumbatie, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mpake mafuta taratibu baada ya kuoga. Shingo na fuvu lake asikabidhiwe mtu wa kuvinyoosha. Mtoto anayelia jioni bila homa, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito, mara nyingi hutulia mwenyewe akifika miezi mitatu au minne.

Utosi ujifunze kuusoma, kwa maana unatoa habari. Ukididimia kwa mtoto anayeharisha au kutapika, maana yake mwili umekaukiwa maji. Dawa yake ni maji ya ORS, vidonge vya zinki na kituo cha afya, wala si kitu cha kupaka kichwani. Ukivimba na kukakamaa wakati mtoto ametulia na amekalishwa, ni dalili mbaya inayotaka daktari leo.

Kisha kuna kichwa kikubwa. Yale maji niliyoyaeleza hapo juu yakikosa njia ya kutoka, yanajaa ndani ya ubongo, na kwa kuwa fuvu la mtoto bado linatanuka, kichwa kinakua kuliko mwili. Mishipa ya kichwani inaonekana, ngozi inang'aa, macho yanashuka chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni, mtoto anatapika na kulegea. Kwetu bado wapo wanaosema ni kurogwa, au laana ya ukoo, au kosa la mama alilolifanya akiwa na mimba. Mama anafichwa ndani na mtoto wake, miezi inapita, na kila mwezi unaopita unaondoka na sehemu ya uwezo wa mtoto wa kuona, kutembea na kujifunza.

Ukweli ni kwamba Afrika Mashariki ndiyo iliyoufundisha ulimwengu mengi kuhusu ugonjwa huu. Mbale, mashariki ya Uganda, kuna hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 2001, na daktari wake wa upasuaji, Mmarekani Benjamin Warf, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliofika pale walikuwa wamepata maradhi haya baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya siku za mwanzo za maisha. Kabla ya hapo dawa ilikuwa mrija unaowekwa chini ya ngozi kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija huziba, na mtoto wa kijijini ambaye mrija wake umeziba hana muda wa kufika mjini. Pale Mbale walijenga njia nyingine: kupitia tundu dogo kwa kamera nyembamba, kuyafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asihitaji mrija. Njia hiyo sasa inatumika hata Marekani. Hapa nyumbani watoto hawa hupasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, na wapo wazazi waliojiunga pamoja katika chama cha watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, wanaosaidiana kwa ushauri na kwa moyo. Barabara ya Songea hadi Dar es Salaam inakaribia kilomita 1,000, najua, na nauli si kitu kidogo kwa mkulima anayesubiri kuuza mahindi. Omba rufaa kutoka hospitali ya mkoa na uzungumze na ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla hujakata tamaa. Usiipeleke fedha hiyo kwa mtu anayeahidi kukishusha kichwa kwa mikono. Hakishuki.

Ikiwa baada ya haya yote bado ungependa kujaribu tiba ya kraniosakrali kwa mtoa huduma, labda ukiwa safarini Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar, au kama mtu amefungua chumba mjini kwetu, basi nenda ukiwa umejiandaa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na chini yake lipo Baraza linalosajili watoa huduma na vituo vyao. Omba kuona cheti cha usajili. Ukiona kigugumizi, ulizia kwa mratibu wa tiba asili katika ofisi ya mganga mkuu wa halmashauri yako. Muulize mtoa tiba amesoma wapi na kwa muda gani, na kabla ya tiba hii alikuwa na taaluma gani ya afya. Kisha muulize swali ambalo mimi naliona la maana kuliko yote: "Ni ugonjwa gani huwezi kuutibu?" Mtu mwaminifu atakutajia mengi bila kusita. Anayesema hakuna, mshukuru uondoke.

Ondoka pia ukiambiwa uache vidonge vya presha, sukari, kifafa au ARV. Hapo husikilizi tena wala huagi. Usilipe vikao kumi kwa mkupuo, lipa kimoja, uone. Ukifika cha tatu bila mabadiliko, hakuna sababu ya kwenda cha nne. Huhitaji kuvua nguo kwa tiba hii, kwa hiyo anayekutaka uvue ana lake. Mwanamke ana haki ya kuingia na mtu wake na kukaa naye mpaka mwisho, na mtoto haachwi peke yake hata dakika moja.

Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo na shingo, yale yanayotokana na jembe, gunia, usukani na cherehani, tiba yenye ushahidi wa kutegemewa zaidi ni mazoezi unayofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya rufaa ya mkoa, tunayoiita Homso, ndiyo ya kuanzia, na ukiwa upande wa magharibi Peramiho iko karibu, kama kilomita 25 kutoka mjini. Mtaalamu atakuonyesha namna ya kunyanyua mzigo, ya kukaa, ya kuikaza misuli ya tumbo na mgongo, na atakupa mazoezi ya kufanya kila siku. Watu wengi huacha baada ya wiki moja kwa sababu hayaleti raha ya papo hapo. Usiache. Fanya mazoezi asubuhi, na jioni mwombe mwenzako akushike kichwa dakika 20. Kesho wewe umshike yeye.